Ukurasa wa Pili wa Cuff Treadwell

Fundo halikuwa la Orrin.

Sajini Ilda Fontes aliliinamia jalada namba arobaini na moja kwa muda, mikono nyuma, kabla ya kuuliza.

"Orrin, tangu jana hujaligusa?"

"Uliniambia nisiguse kitu. Sikugusa."

Orrin Beck, mtunza nyaraka wa Chama cha Historia cha Tolworth, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa ambacho hakuwa akikinywa. Ndiye aliyewapigia polisi simu Alhamisi asubuhi. Alikuwa ameliinua jalada kutoka kwenye boksi, akaliona jepesi, akachungulia ubavuni bila kulifungua. Tupu. Ndani yake zilipaswa kuwemo karatasi mbili za wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, zilizoandikwa kwa mkono wa Kapteni Elnathan Treadwell, na Jumamosi zilikuwa zisomwe mbele ya watu katika ukumbi wa maktaba, kwenye mfululizo wa mazungumzo ambao Chama huuandaa kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Utepe huu nani kaufunga?"

"Mimi. Jumanne, Bi Odessa alipomaliza kusoma."

"Njoo uangalie vizuri."

Orrin akasogea, akavaa miwani. Alikuwa mwanamaji miaka minane kabla ya kuja kukaa na makaratasi. Aliuangalia utepe ule mweupe, uliofungwa kipepeo kama kamba za viatu, halafu akaitua kahawa yake sakafuni.

"Mimi sifungi kipepeo," alisema. "Nafunga fundo bapa. Hata viatu vyangu."

Ilda alitazama viatu vyake. Ni kweli.

"Jana kwa nini hukuniambia?"

"Jana sikuliona fundo. Niliona jalada tupu."

"Au uliliona ukanyamaza. Nimekuta barua ya dalali wa nyaraka kuukuu mezani kwako. Umemuuzia ramani tatu mwaka huu."

Orrin akawa mwekundu hadi masikioni. "Za baba yangu! Risiti zipo, na wosia upo. Nenda kaulize."

"Nimeshauliza. Ni za baba yako. Ndiyo maana bado tunaongea hapa na si kituoni. Sasa sema."

Mzee alikaa juu ya ngazi fupi ya kufikia rafu. "Niliogopa, Sajini. Jumanne nilifunga utepe nikiwa nimeziona karatasi zote mbili, nikalirudisha jalada. Kama fundo si langu, basi mtu amelifungua baada ya hapo. Na funguo za chumba hiki ziko mbili tu. Moja ninayo mimi."

"Ya pili?"

Orrin aliangalia sakafu, kana kwamba jibu lilikuwa chini ya mbao.

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa meno, kutwa nzima. Shavu limevimba mpaka leo, si unaona?"

Ilda aliandika. Kalamu ilikwenda taratibu kuliko kawaida, kwa sababu kila neno aliloandika lilikuwa likimrudisha jana alasiri, kwenye mlango wa Odessa Treadwell. Kitabu cha wasomaji kilionyesha jina moja tu wiki ile, na Mkuu wa Polisi akaona limetosha kuombea hati ya upekuzi. Walikwenda wanne, magari mawili, taa zinawaka. Walifungua makabati, wakainua magodoro, wakamwaga kapu la nguo za kufuliwa la mama wa miaka sabini na mmoja, muuguzi mstaafu, huku majirani wakiwa wamejaa vibarazani. Wakapata kitu kimoja: daftari la shule alimonakili karatasi zile kwa penseli, neno kwa neno, kwa sababu Chama hakiruhusu simu wala kamera chumbani. Wakalichukua daftari kama kielelezo.

"Hizo karatasi zilifananaje?" Ilda aliuliza.

Orrin akavuta droo ya kadi, akasoma. "Kurasa mbili. Wa kwanza, Aprili 1777. Wa pili, Novemba 1780. Zimeshikanishwa kwa pini ya shaba, kichwa cha uzi wa shaba uliozungushwa mara mbili. Pini haijatolewa, karatasi itachanika." Akaifunga droo. "Pini zile zilitengenezwa kwa mkono. Siku hizi huzipati."

"Na Jumatano humu nyumbani kulikuwa na nini?"

"Darasa la jikoni. Watoto kumi na wawili wa darasa la nne wanajifunza kupika kama zamani, kwenye meko. Kila Jumatano, saa tano asubuhi."

"Nani anafundisha?"

"Unamjua anayefundisha, Sajini. Alikufundisha hata wewe."

Ilda alishuka ngazi. Jiko la Nyumba ya Treadwell, nyumba ya zamani ya Kapteni ambayo sasa ni makao ya Chama, lilikuwa chini ya chumba cha nyaraka, na meko yake mtu mzima angeweza kuingia akainama. Yalikuwa yamefagiliwa safi. Safi mno.

"Majivu mnatupa wapi?"

"Hatutupi," Orrin alisema nyuma yake. "Tunayaweka kwenye pipa pale uani. Mwezi wa tano watoto wanatengeneza sabuni ya majivu."

Walifanya kazi ile uani kwa saa mbili, vidole vikiuma kwa baridi. Ilda alitandaza turubai, akapiga picha pipa kabla ya kuligusa, akaanza kuchota tabaka la juu, la Jumatano. Kwanza alipitisha sumaku. Ikaja na misumari iliyotoka kwenye mbao kuukuu, na pini nyingi nyembamba.

"Hizi?"

"Za mavazi ya watoto. Chuma. Zinadondoka kila mara."

Kisha akachekecha. Makaa, ganda la yai, mfupa wa kuku, kifungo. Katika chekeche la tisa kilibaki kitu kidogo cha rangi ya manjano iliyofifia, kirefu kama kucha ya kidole gumba. Sumaku ilikipita bila kukitaka. Orrin akaleta lenzi yake.

"Uzi umezungushwa mara mbili," Orrin alisema. Akarudia kwa sauti ya chini, "Mara mbili." Halafu mzee akageuka, akafuta pua kwa mkono wa sweta.

Ilda akaweka rula kando ya pini, akapiga picha, akaitia kwenye mfuko, akaufunga, akamwonyesha Orrin pa kutia saini kama shahidi.

Constance Hallam alifika kituoni saa nane mchana, kabla hata hajatumiwa gari. Alikuwa rais wa Chama cha Historia kwa miaka kumi na tisa, na kabla ya hapo mwalimu wa darasa la tano kwa miaka arobaini; ndiye aliyefundisha darasa la jikoni, na ufunguo wa pili ulikuwa wake. Alivua glovu, akazilaza moja juu ya nyingine, akakiangalia kinasa sauti.

"Kaa wima, Ilda. Mgongo utakuja kukusumbua."

Ilda alijikuta ameshakaa wima. Akamsomea haki zake zote, moja baada ya nyingine.

"Nimezielewa. Mimi ndiye niliyekufundisha zilikotoka."

"Unahitaji wakili, Bi Hallam?"

"Uliza kwanza unachotaka kuuliza."

"Jumatano uliingia chumba cha nyaraka saa ngapi?"

"Nani kasema niliingia?"

"Funguo ni mbili. Orrin alikuwa anang'olewa jino."

"Mlango kuukuu ule. Hata kwa kisu cha siagi unafunguka."

"Ukifunguliwa kwa kisu huacha mkwaruzo. Nimeangalia, hakuna. Na mwizi wa kisu hakai akafunga utepe kipepeo."

Constance aliangalia dirisha. "Odessa alikuwa na kikapu kikubwa sana Jumanne. Sisemi kitu. Nasema tu nilichokiona."

"Ulimwambia hivyo Mkuu. Kwa maneno hayo hayo."

"Kwa sababu ni kweli. Kilikuwa kikubwa."

Ilda aliweka mfuko mezani. Ndani yake pini ilionekana ndogo mno kuweza kuwatisha watu wawili wazima. Constance aliiangalia. Mkono wake mmoja ukaenda kwenye glovu, ukazishika.

"Imetoka kwenye pipa la majivu," Ilda alisema. "Tabaka la Jumatano."

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka. Nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

"Watoto walikuwa wanakata matufaha," Constance alisema hatimaye. "Hawakuona kitu. Nataka iandikwe hivyo."

"Itaandikwa. Kwa nini?"

"Umeisoma?"

"Nimesoma nakala ya Bi Odessa."

"Basi unajua kwa nini."

Ilda alijua. Kila mtoto wa Tolworth alifundishwa kwamba Kapteni Treadwell alimwacha huru mtumwa wake, Cuff, akapiganie uhuru wa nchi, na kwamba Cuff alirudi kutoka vitani akabaki na familia ile kwa mapenzi. Ukurasa wa kwanza ulikaribia kusema hivyo: Cuff akitumikia jeshi miaka mitatu badala ya Samuel, mwana wa Kapteni, atakuwa huru, yeye na uzao wake. Ukurasa wa pili, wa mkono ule ule, ulisema kwamba Cuff, aliyerejea kutoka jeshini akiwa na kilema cha mguu, ameuzwa kwa bwana mmoja wa New York, na binti yake Dinah, wa miaka minne, atabaki katika nyumba ya muuzaji. Kwa huyo Dinah ndiko alikotoka Odessa.

"Miaka arobaini," Constance alisema. "Nimesimama mbele ya watoto wa mji huu miaka arobaini nikawaambia yule alikuwa mtu mwema. Ungetaka niende niwaambie nini? Niwaambie niliwadanganya?"

"Hukujua. Mtu asiyejua hadanganyi."

"Na sasa ninajua."

"Ungeweza kusema hivyo tu. 'Sasa ninajua.'"

"Wewe kijana. Bado unadhani watu wanakusanyika Jumamosi kutafuta ukweli. Wanakuja kwa mkate wa tangawizi, Ilda, na kusikia kwamba wametoka mahali pazuri." Akazinyoosha glovu zake mezani. "Nilitaka kuubakiza ukurasa wa kwanza. Ule ulikuwa mzuri. Lakini pini ilikataa, na watoto wangeweza kugeuka wakati wowote. Zikaenda zote."

"Na Bi Odessa? Tumempekua kama mwizi."

"Mimi sikuwaita. Orrin ndiye aliyewaita."

"Ungeweza kupiga simu. Mara moja tu. Sisi tukiwa bado njiani."

Mwalimu aliinua glovu zake. "Sasa nitahitaji wakili," alisema.

Saa kumi alasiri Mkuu Dunleavy alimwita Ilda ofisini. Alikuwa mtu mzito, mwenye huruma ya kivivu, na juu ya meza yake kulikuwa na barua yenye nembo ya Chama cha Historia.

"Funga mlango. Ilda, umefanya kazi safi sana. Mambo ya sumaku na nini. Safi."

"Lakini?"

"Soma."

Ilda alisoma akiwa amesimama. Bodi ya Chama, wajumbe wote saba, ilikuwa imekutana Jumatatu na kuamua kwa kauli moja kuondoa nyaraka za jalada namba arobaini na moja kwenye mkusanyiko wake, kwa kuwa zimechakaa na hazina thamani ya utafiti. Rais alipewa mamlaka ya kuziteketeza kwa namna atakayoona inafaa. Saini saba.

"Hii imeandikwa leo," alisema. "Wino haujakauka."

"Tarehe ni ya Jumatatu."

"Jumatatu kulikuwa na theluji mpaka madirishani, Mkuu. Hata shule zilifungwa."

"Walikutana kwa simu."

"Na Jumanne wakamruhusu Bi Odessa asome karatasi walizoamua kuchoma? Na wakaziacha kwenye ratiba ya Jumamosi?"

"Uzembe. Uzembe si kosa la jinai." Dunleavy alijikuna kidevu. "Karatasi zilikuwa mali yao. Mwenye mali hajiibii. Mwendesha mashtaka ameshanipigia, faili linafungwa. Wala usiniangalie hivyo."

"Alimsingizia mtu."

"Alisema kikapu kilikuwa kikubwa. Nimeuliza. Kilikuwa kikubwa."

Ilda alirudisha barua mezani. "Nani anakwenda kumwambia Bi Odessa?"

"Mpigie simu."

Hakumpigia. Alikwenda mwenyewe, na daftari likiwa ndani ya mfuko wa vielelezo. Odessa Treadwell alifungua mlango nusu, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi zilizokatwa fupi, na macho ya mtu aliyekesha sana wodini.

"Mmesahau nini? Kuna droo hamkuivuta?"

"Nimekuletea daftari lako, Bi Odessa. Na habari."

Alimsimulia yote pale pale mlangoni, mpaka barua ya saini saba. Odessa alisikiliza bila kumkatiza. Alipofika kwenye pini na meko, mama yule alifumba macho.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Bibi yangu alisema Cuff aliuzwa. Mama yake alisema. Kila tulipowaambia watu wale, walituambia, 'Hizo ni hadithi za kwenu jikoni, leteni karatasi.' Nimeitafuta karatasi ile miaka ishirini na sita, binti. Nimeishika siku moja." Akatoa mkono kwenye upenyo wa mlango, akachukua daftari. "Siku ya kunituhumu mlikuja wanne, na taa. Leo umekuja peke yako. Majirani zangu nani atawaambia?"

"Naomba radhi."

"Ndiyo, omba." Na mlango ukafungwa, bila kishindo.

Ilda alisimama kidogo. Halafu akaenda nyumba ya kwanza upande wa kushoto, akabisha hodi, akaonyesha kitambulisho, akaeleza. Kisha ya pili. Alizimaliza nyumba zote kumi na moja za mtaa ule. Katika mbili hawakumfungulia. Katika moja mwanamume alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, lakini lazima kulikuwa na kitu. Polisi hawaji bure."

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa. Constance Hallam hakuja. Ilitangazwa kwamba ana mafua. Kwenye jukwaa alikuwa makamu wake, Bwana Ames, mwenye tai ya bluu na tabasamu la kuuza nyumba. Alisema programu imebadilika kidogo: badala ya kusoma nyaraka, wataangalia picha za ukarabati wa nyumba, kisha watatoka nje kufunua jiwe la kumbukumbu la Kapteni aliyemwacha huru mtumwa wake.

Odessa alisimama katika safu ya tatu. Alivaa koti lake la kanisani.

"Nilikuwa kwenye ratiba," alisema. Akafungua daftari, akasoma, bila kungoja ruhusa. Alisoma ukurasa wa kwanza, na watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Alisoma wa pili, vichwa vikatulia.

Alipomaliza, Bwana Ames alipiga makofi mawili, mepesi. "Ahsante sana, Bi Treadwell. Simulizi za familia zina nafasi yake. Kwa bahati mbaya, kwenye kumbukumbu zetu hatuna waraka kama huo."

"Nakala yake ya asili iko wapi?" aliuliza mtu nyuma.

"Haipo," Ames alisema. "Ndilo tatizo la simulizi."

Ilda alikuwa amesimama ukutani. Mkuu Dunleavy, aliyeketi safu ya mbele, aligeuka akamtazama kama mtu anayemtazama dereva akikaribia kupita taa nyekundu.

"Ilichomwa," Ilda alisema. "Jumatano saa tano asubuhi, kwenye meko ya Nyumba ya Treadwell. Mimi ni Sajini Fontes wa polisi wa mji huu. Nimepata pini yake majivuni. Aliyechoma amekiri mbele yangu. Bi Odessa hakuiba kitu, na alichosoma ndicho kilichokuwa kimeandikwa."

Kikohozi kimoja. Mtoto akauliza kitu, akanyamazishwa. Orrin Beck alisimama karibu na mlango, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Ni kweli. Niliziona zote mbili." Akabaki amesimama.

"Sasa jiwe?" mwanamke mmoja aliuliza. "Jiwe tunalifanya nini?"

Bwana Ames alirekebisha tai. "Jiwe limeshachongwa," alisema. "Karibuni nje. Kuna juisi ya tufaha ya moto."

Wakatoka. Mkuu alipita karibu na Ilda bila kusimama. "Jumatatu, ofisini kwangu. Saa mbili."

Nje walivuta kitambaa, na jiwe likawa pale, jeusi, linang'aa, na maneno yake yale yale. Watu walipiga makofi wakiwa na vikombe mkononi, hivyo makofi hayakusikika sana. Odessa alingoja yaishe. Kisha akasogea mbele ya jiwe, akaligeuzia mgongo, akafungua daftari, akaanza upya, kuanzia tarehe.

Wengi waliondoka. Hawakuondoka kwa hasira. Mmoja alikumbuka mbwa, mwingine baridi, mwingine aliangalia saa. Milango ya magari ilifungwa mmoja mmoja. Odessa hakuinua macho wala hakuongeza sauti. Alisoma hadi neno la mwisho, jina la mtoto wa miaka minne.

"Wamebaki wangapi?" alimuuliza Ilda.

Ilda alihesabu, pamoja na Orrin, bila kujihesabu mwenyewe. "Kumi na mmoja, Bi Odessa."

"Basi kila mmoja anakili, aondoke nayo. Safari hii karatasi isiwe moja." Akachana kurasa nyeupe za mwisho wa daftari, akazigawa. "Nitasoma polepole."

Saba waliinama wakaandika juu ya magoti, juu ya boneti za magari, Orrin juu ya jiwe lenyewe. Wanne walisema hawana cha kuandikia. Ilda alikuwa na kalamu nne mfukoni. Akazitoa, akawanyooshea. Wakasema wana haraka.